Nguo za Kulalia Barabarani

Mwezi wa Januari mwaka 2016, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Skerne Park katika mji wa Darlington, upande wa kaskazini wa Uingereza, aliwapelekea wazazi barua ambayo kwa siku chache ilisomwa na watu wa nchi nyingi. Hakuandika habari za karo, wala za watoto watoro. Aliwaomba jambo moja tu: kila asubuhi waletapo watoto shuleni, waje wamevaa nguo za mchana. Alikuwa ameona ya kwamba wazazi walizidi kufika mlangoni mwa shule wakiwa bado katika nguo za kulalia na ndara za chumbani, na wengine walizivaa hata katika mikutano ya walimu na wazazi. Baadhi yao walimshukuru. Wengine walikasirika, wakaja na pijama zao makusudi, ili mwalimu aone kwamba hawamwogopi.

Msomaji wa Bukavu au wa Kalemie atacheka kidogo, aseme: «Hayo ni mambo ya Wazungu, sisi yatuhusu nini?» Asifanye haraka ya kucheka. Apite tu mtaani kwake saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, watu waendapo bombani na kununua mkate. Ataona kijana mwenye suruali ya pijama ya mistari. Ataona binti mwenye gauni jepesi la kulalia, amejitupia kitenge mabegani. Ataona baba mwenye heshima zake, amesimama kando ya barabara kuu na fulana na kaptula aliyolalia, anapiga mswaki na kuwaamkia wapita njia huku povu likimjaa mdomoni. Jambo lililomsumbua mwalimu yule wa Darlington limekwisha kufika kwetu, ila kwetu hakuna aliyeandika barua.

Je, ni aibu? Wako watu wajibuo upesi kwamba ndiyo, na wako wajibuo upesi kwamba siyo, mradi mtu amefunika mwili wake. Sisi twaona ya kwamba wote wawili wamejibu mapema mno.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Pijama ni neno la Waajemi lililopita India: «pai» ni mguu, «jama» ni vazi, basi pijama ni vazi la miguuni, yaani suruali ya kitambaa chepesi yenye kufungwa kiunoni kwa kamba. Huko India watu waliivaa mchana, tena waungwana waliivaa, na mpaka leo huivaa. Bwana Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa nchi hiyo tangu mwaka 1947 hata kufa kwake mwaka 1964, aliwapokea wakuu wa dunia akiwa na koti refu na suruali ya jamaa hiyo, yenye kubana miguuni, wala hakuna aliyedhani kwamba ametoka kitandani. Waingereza waliokaa India ndio walioipenda kwa kupumzikia na kulalia wakati wa joto, wakaichukua mpaka kwao. Na mwisho wa karne ya 19 wanaume wa Ulaya walikuwa wameanza kuiacha kanzu ya usiku ya babu zao na kuvaa pijama badala yake. Vazi ni lile lile. Safari ya bahari ndiyo iliyoligeuza kuwa la usiku.

Na kinyume chake pia hutokea. Mapadri Weupe, ambao kundi lao la kwanza lilifika pwani ya ziwa Tanganyika mwaka 1879, walivaa kanzu nyeupe na joho kama la Waarabu wa Algeria, kwa sababu Askofu Mkuu Lavigerie, aliyeliunda shirika lao mwaka 1868, alitaka wafanane na watu waliotumwa kwao. Mkulima wa Ulaya ambaye hakuwajua, kama angaliwaona wakipita shambani kwake alfajiri na mapema, labda angalifikiri kwamba hao ni watu waliosahau kuvaa suruali. Hata alba avaayo padri altareni asili yake ni kanzu ya kila siku ya Warumi wa kale. Basi mwenye kusema «nguo fulani ni ya usiku kwa asili yake» amesema neno asiloweza kulithibitisha.

Tena katika nchi ya Biblia maskini hakuwa na nguo ya usiku mbali na nguo ya mchana. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, chaamuru kwamba mtu akilitwaa joho la jirani yake liwe rehani, sharti alirudishe kabla jua halijatua, kwa kuwa maskini huyo hana kingine cha kujifunika alalapo. Joho alilokwenda nalo sokoni ndilo lililokuwa blanketi lake. Sheria ya Musa haikumhesabu kuwa mtu mchafu. Ilimhesabu kuwa mtu wa kulindwa. Bibi zetu wangaliielewa sheria hiyo bila kufafanuliwa, maana wengi wao walizaliwa, wakalala, wakalima na wakabebea watoto katika kitambaa kile kile kimoja.

Wafalme nao walikuwa na mambo yao. Katika jumba la Versailles, mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alifanya kuamka kwake kuwa sherehe. Kila asubuhi wakuu wa nchi waliingia chumbani kwa zamu, kila mtu kwa cheo chake, wamtazame mfalme akitoka kitandani na kuvikwa. Na kumpa mfalme shati lake kulikuwa ni heshima ambayo watu wakubwa waliigombania. Hakuna aliyemwambia mfalme kwamba ameonekana na watu wengi akiwa hajavaa. Lakini tuangalie vizuri: ni wao walioingia chumbani mwake, yeye hakutoka na nguo hizo kwenda sokoni. Mahali pana maana. Na juu ya mahali, hakuna mji uliojadiliana zaidi kuliko Shanghai.

Shanghai ni mji mkubwa sana wa China, wenye bandari na viwanda. Katika mitaa yake ya zamani watu waliishi kando ya vichochoro vyembamba, katika nyumba zilizojengwa mwanzoni kwa jamaa moja moja, ambazo baadaye ziligawanywa chumba kwa chumba, jamaa nyingi zikakaa humo pamoja. Jiko lilikuwa la shirika. Choo hakikuwamo ndani ya nyumba nyingi. Mtu aliyeamka asubuhi alitoka kwenda kumwaga maji, alioshea mboga uani, alinyoa ndevu mbele ya jirani. Kichochoro kilikuwa sebule yao. Twadhani msomaji wetu akaaye katika ua mmoja na jamaa sita, wenye bomba moja na choo kimoja, anaufahamu mji huu kuliko mwenyeji wa Brussels.

Baada ya mwaka 1978, serikali ya China ilipoanza kulegeza sheria za biashara, watu wa Shanghai walianza kupata fedha kidogo, na mojawapo ya vitu walivyonunua ni pijama. Kabla ya hapo wengi walilala na nguo kuukuu za mchana. Kuwa na nguo iliyoshonwa kwa ajili ya usingizi tu, ya pamba nzuri yenye maua, suruali na koti vya rangi moja, kulikuwa ni alama kwamba mwenye nyumba amefanikiwa. Na mtu aliyefanikiwa hapendi kufanikiwa gizani. Wakatoka nazo mpaka kichochoroni, kutoka kichochoroni mpaka sokoni, kutoka sokoni mpaka madukani. Mchana kweupe mama na mume wake walitembea mkono kwa mkono na pijama zao zilizopigwa pasi. Kwao hazikuwa uvivu hata kidogo. Zilikuwa fahari.

Ikaja habari ya Maonyesho ya Dunia. Yalikuwa yafunguliwe Shanghai tarehe 1 Mei 2010, na wageni walitazamiwa kwa mamilioni. Nao walikuja kweli, wapatao milioni 73 katika miezi sita. Wakuu wa mji waliona haya mbele ya wageni hao. Katika mitaa iliyokuwa karibu na mahali pa maonyesho walibandika matangazo ya kuwaonya wenyeji wasitoke nje na pijama, wawe raia wastaarabu, na watu wa kujitolea wakawekwa kuwarudisha wenzao nyumbani wakabadili nguo. Wako waliotii. Wako walioona aibu kweli, wakasema imekuwa wakati wa kuiacha desturi ile. Na wako wazee walioshangaa: jana walikuwa watu wa maendeleo kwa sababu ya pijama, leo ni washenzi kwa sababu ya pijama ile ile. Nguo haikubadilika, macho ya mgeni ndiyo yaliyobadilika. Kwetu Kongo jambo hili halitushangazi, maana tumekwisha kuona mavazi yakiamriwa na serikali. Tangu miaka ya mwanzo ya 1970, mwanamume wa Zaire aliyevaa koti na tai alikuwa anavunja agizo. Ilimpasa kuvaa abakosti. Na mwaka 1990 tai ikarudi kuwa halali, ingawa shingo zilikuwa ni zile zile.

Miaka kumi baada ya Shanghai, mji mwingine wa China ulivuka mpaka. Ni Suzhou, siyo ule Suzhou wenye mabustani ya sifa, ila ule wa jimbo la Anhui. Mwezi wa Januari mwaka 2020 wakuu wa mji huo walitumia kamera zilizowekwa njiani, zenye akili ya kutambua uso wa mtu, wakatoa hadharani picha za watu saba waliotembea mjini na pijama, pamoja na majina yao, ati wamefanya mambo yasiyo ya kistaarabu. Raia wa China hawakuvumilia. Walikasirika sana hata wakuu hao wakaomba radhi. Nasi twasema raia walikuwa na haki. Mtu aliyetoka kununua tambi na nguo za kulalia huenda amekosa adabu kidogo. Lakini mtu amtangazaye mwenzake kwa jina na kwa picha mbele ya watu milioni amemvua nguo kweli.

Neno hilo la mwisho twaomba vijana wenye simu walishike. Picha za namna hiyo zapigwa hata mitaani kwetu, na kupelekwa huku na huku kwa kicheko. Mama mjane aliyetoka usiku kumfukuza mbuzi aliyeingia katika mboga zake hakuvaa nguo zile ili wewe umpige picha.

Turudi Ulaya kidogo, maana huko kuna jambo ambalo magazeti mengi yalilipita bila kuliona. Mwezi wa Januari mwaka 2010, duka moja kubwa la Tesco katika mtaa wa St Mellons, mji wa Cardiff, lilibandika tangazo kwamba wateja wasiingie na nguo za kulalia wala miguu mitupu. Mwaka 2012, katika Ireland, nchi yenye Wakatoliki wengi, ofisi moja ya kusaidia maskini huko Damastown karibu na Dublin ilitangaza ya kwamba pijama si vazi lifaalo kwa mtu ajaye pale. Ongeza Skerne Park ya Darlington. Mitaa yote mitatu ni ya watu wa kazi za mikono na ya watu wasio na kazi. Wakati huo huo, mchoraji mashuhuri wa New York, Bwana Julian Schnabel, alitembea mjini na pijama, akaenda nazo hata katika karamu za wakubwa, na wenye kuandika habari wakasema huyu ni msanii, ana namna yake. Katika miaka ya 1920 na 1930 mabibi matajiri walivaa pijama za hariri kando ya bahari kusini ya Ufaransa, na ikaitwa mtindo.

Mtume Yakobo aliliona jambo hili zamani. Katika sura ya pili ya barua yake anasimulia habari za watu wawili waingiao kusanyikoni, mmoja mwenye pete ya dhahabu na nguo za kung'aa, mwingine maskini mwenye nguo chafu; yule anapewa kiti kizuri, huyu anaambiwa asimame kule au akae chini. Yakobo hakufurahi hata kidogo. Basi kabla hatujauliza kama pijama ni aibu, tujiulize kama tungaliuliza swali hilo hilo mbele ya mwenye gari.

Huko Marekani, katika jimbo la Louisiana, mwaka 2012 mjumbe mmoja wa baraza la wilaya ya Caddo alitaka pijama zikatazwe kwa sheria mahali pa watu, baada ya kuwaona vijana dukani ambao pijama zao hazikuwaficha ipasavyo. (Wilaya za Louisiana mpaka leo zaitwa parokia, kwa sababu ya mila za Kikatoliki za Wafaransa na Wahispania walioitawala zamani, kwa hiyo magazeti yaliandika kwamba «parokia» inakataza pijama, na sisi tulipoyasoma tulishtuka kidogo.) Sheria ya namna hiyo ni ngumu kuitumia. Askari atajuaje suruali ya kulalia na suruali ya kukimbilia? Atauliza kama mwenyewe ameilalia?

Wala hatuwezi kumsahau Vincent Gigante. Huyu alikuwa mkuu wa mojawapo ya makundi ya wanyang'anyi wa New York, naye kwa miaka mingi alitembea njiani na joho la kuogea, pijama na ndara, akinong'ona peke yake kama mwenye wazimu. Alitaka mahakimu waamini kwamba hana akili, wasimhukumu. Walimhukumu mwaka 1997, na mwaka 2003 akakiri mwenyewe kwamba wazimu ule ulikuwa wa uongo. Alikufa gerezani mwaka 2005. Angalia werevu wake: katika nguo zote za dunia alichagua zile ambazo mtu akionekana nazo barabarani, watu husema bila kuulizwa, «huyu amepotewa na akili». Alijua kwamba nguo husema. Na ikiwa nguo husema, yatupasa kuangalia zetu zinasema nini.

Hapa mwalimu wetu ni Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Katika kitabu chake kikuu cha teolojia aliuliza kama kuna fadhila na dhambi katika mavazi, akajibu kwa utaratibu wake. Ubaya haumo katika kitambaa. Umo katika jinsi mtu akitumiavyo. Mtu aweza kukosa kwa kupita desturi ya watu anaokaa nao. Aweza kukosa kwa kuipenda nguo kupita kiasi. Lakini aweza kukosa pia kwa upungufu: kwa uzembe wa kutojisumbua kuvaa kama ipasavyo, kama yule aachaye joho lake liburuzike chini kwa sababu anaona taabu kuliinua. Na hata, asema Tomaso, mtu aweza kutafuta sifa kwa kuvaa vibaya. Miaka zaidi ya 700 imepita tangu alipoandika hayo, nasi twaona amewapata wote: mzembe wa Darlington, mwenye fahari wa Shanghai, na msanii wa New York.

Basi desturi ya watu tunaokaa nao ni ipi? Kwetu mama hulala na kikwembe kimoja, amekifunga juu ya kifua. Alfajiri hukoka moto nacho, hufagia ua nacho, humnyonyesha mtoto nacho. Hakuna mtu wa kwetu aonaye ajabu. Lakini akitaka kwenda sokoni hufunga kikwembe cha pili juu ya kile cha kwanza, huvaa blauzi, hufunga kilemba. Huenda vikwembe vyote viwili ni vya bei moja na vya ua moja. Mgeni hataona tofauti kati ya cha usiku na cha mchana. Sisi twaiona. Kile cha pili ndicho kisemacho: «Sasa natoka kukutana na watu.» Bibi mmoja wa Uvira alituambia kwamba mama yake hakumruhusu kumpokea mgeni mlangoni kabla hajaongeza kitambaa, hata kama mgeni ni mtoto wa jirani aliyeomba chumvi. Labda alizidisha. Walakini mtoto yule wa chumvi alijua ameheshimiwa.

Kwa hiyo sisi twaona hivi. Ua, na bomba la ua, na njia ile fupi kati ya mlango na mlango ambapo watu wote wajuana, hapo ni nyumbani. Atakayekwenda kumkemea mama aliyetoka na kikwembe kimoja kuchota maji hana kazi. Barabara kuu, duka, kituo cha motokaa, ofisi, shule na kanisa, hapo ni kwa watu. Na mtu aendaye kwa watu na nguo alizotokea kitandani, ilhali nyingine anazo, amewaambia kwamba hawakustahili dakika tano za asubuhi yake. Mwalimu asimamaye tangu saa moja mbele ya watoto hamsini, shati lake limefuliwa usiku na kukaushwa juu ya mkaa, huliona neno hilo hata kama halisemwi. Hata wakati wa ugonjwa wa korona, mwaka 2020, watoto waliposomea nyumbani kwa njia ya kompyuta, shule za mji wa Springfield huko Illinois ziliandika katika kanuni zao kwamba mwanafunzi asihudhurie somo na pijama. Wazazi wengi walinung'unika kwamba shule imeingia chumbani mwao. Katika hilo hatujui kama tungalikuwa wakali hivyo.

Iko lakini siku ambayo kanuni zote hizi hunyamaza. Tarehe 22 Mei 2021, jioni ya Jumamosi, Nyiragongo ilipasuka, na watu wa Goma wakatoka usiku kwa maelfu, wengine kuelekea Gisenyi, wengine Sake, kila mtu na nguo iliyokuwa mwilini mwake. Wazee, watawa, wakubwa wa kazi, watoto, wote walitembea gizani chini ya mbingu nyekundu. Mama apelekwaye hospitalini usiku kujifungua, mgonjwa, aliyechomekewa nyumba, hao hawana vazi la usiku wala la mchana. Wana mwili wa kufunikwa, na jirani mwenye blanketi ndiye atakiwaye.

Tena iko sababu nyingine ya nguo za kulalia kuonekana njiani kwetu, na hiyo si uvivu wala haraka. Ni mitumba. Yale mafungu makubwa yaitwayo balo hufunguliwa sokoni, na ndani yake hutoka nguo za kila namna zilizovaliwa Ulaya na Marekani, bila mtu wa kueleza kila moja ilikuwa ya kazi gani. Gauni refu la kitambaa cha kung'aa, lenye lesi kifuani na utepe mdogo: nani atamwambia mnunuzi kwamba mwenyewe wa kwanza aliona haya kufungua nalo mlango? Koti zito la taulo, lenye mkanda wa kitambaa, hugeuka kuwa koti la baridi la mlinzi wa usiku, na kwa kweli linamfaa kuliko makoti mengi.

Mama mmoja wa parokia ya mjini, ambayo hatutaitaja, alinunua gauni la namna hiyo kwa ajili ya Pasaka. Lilikuwa la rangi ya waridi, jipya kabisa, na alilipa bei ambayo kwake ilikuwa mauzo ya ndizi ya juma zima. Mlangoni mwa kanisa, mmoja wa vijana wanaopanga watu, aliyekuwa na ndugu zake Ulaya na kwa hiyo alizijua nguo, akamwuliza mbele ya watu: «Mama, kitanda umekiacha wapi?» Wengine wakacheka. Yule mama hakujua wanacheka nini mpaka alipofika nyumbani na binti yake mkubwa akamweleza. Hakurudi Misani Jumapili ile, wala iliyofuata, wala ya tatu.

Twasema wazi kwamba kijana huyo alikosa, na kosa lake ni kubwa kuliko makosa yote ya mavazi tuliyoyataja hapa. Gauni lile lilikuwa nguo bora ya mama yule, naye alilivaa kwa ajili ya Bwana Mfufuka. Hakupita desturi kwa kiburi, wala hakuwa mzembe. Alikuwa ameamka saa kumi ya usiku kulipiga pasi. Kama lililazimu kuambiwa, lingetosha mwanamke mwenzake kumwita kando baada ya Misa. Ndivyo ilivyokuwa hatimaye: mama mmoja wa Legio ya Maria alikwenda kwake siku ya Jumatano, hakutaja kanisa kwanza, aliomba kuonyeshwa gauni, akalisifu kitambaa chake, kisha akamwambia lilivyo. Alimwazima kitenge na blauzi kwa Jumapili ya nne.

Gauni halikutupwa. Fundi wa kushona alilikata chini ya goti, akatoa mikono, akaliingiza mpira kiunoni, na sasa ni shimizi nzuri chini ya nguo ya Jumapili. Kwa wale waendao kununua katika balo, fundi huyo hutoa alama za kuangalia: kitambaa chepesi kipenyacho nuru ukikiinua mbele ya jua, lesi kifuani pasipo bitana, mkanda wa kitambaa pasipo kifungo wala bakuli, suruali yenye kamba kiunoni na isiyo na mifuko. Alama moja peke yake haitoshi. Zikiwa tatu, asema, ulinunue kwa bei ya nguo ya ndani, usikubali bei ya gauni.